Maneno nayajua, sentensi hainishiki: kusoma kitabu cha msiba cha Jacques Roubaud

Swali:

"Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari hapa Tanzania. Mume wangu alifariki ghafla usiku, miezi 14 iliyopita. Rafiki yangu wa chuo, ambaye sasa anaishi Ufaransa, amenitumia kitabu cha mashairi cha Jacques Roubaud kiitwacho Quelque chose noir, yaani "Kitu cheusi", akaniambia kimeandikwa na mwanamume aliyefiwa na mkewe. Nilikipokea kwa shukrani, lakini kila nikikifungua nasoma ukurasa mmoja mara tatu na sitoki na kitu. Maneno mengi nayajua, yaliyobaki nayatafuta kwenye kamusi ya simu, hata hivyo sentensi hainishiki. Haina nukta wala mkato, inaanzia hapa na kuishia sijui wapi. Nimejaribu programu ya kutafsiri, kikatoka kichekesho. Nimeanza kujiuliza kama Kifaransa changu kimeoza au ni akili yangu tangu msiba. Mama mkwe ananiambia niachane nacho, eti najitonesha kidonda. Je, kuna namna ya kukisoma? Na siku moja naweza kuwafundishia wanafunzi wangu wa kidato cha sita?"

Jibu:

Mwalimu, pole sana. Kufiwa na mwenzi usiku mmoja, bila ugonjwa wala kuagana, ni mzigo mkubwa, na watu huacha kutoa pole mapema mno. Miezi 14 ni mingi kwa asiyefiwa.

Nianze na lile ulilolitaja kwa haraka lakini nadhani ndilo linalokuuma zaidi, kwamba huenda kasoro iko kwako. Kifaransa kilichooza hukwamia kwenye maneno: mtu anasahau jinsia za nomino, anachanganya vitenzi, kamusi haimtoki mkononi. Wewe umekwama kwenye maungio, pale neno linapokutana na neno, na hapo kitabu hiki humkwamisha hata Mfaransa mwenye shahada ya fasihi. Nimekisoma na wanafunzi waliosomeshwa kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza, wengine kutoka Bukavu, wengine Bujumbura, nao walisimama palepale uliposimama wewe.

Kuhusu akili, jipime hivi. Usiku uleule unaomsoma Roubaud, chukua habari ya kawaida kwenye gazeti la Kifaransa, ya aya nne au tano, uisome. Ikiingia bila shida, ujue kilichokukwamisha ni kitabu. Nayo ikikuponyoka, huo ni uchovu wa msiba, tena ni wa kawaida kabisa. Sentensi ndefu inakudai uushike mwanzo wake kichwani mpaka mwisho ufike, na kwa mtu anayelala kwa mang'amung'amu, anayekumbuka hata asipotaka kukumbuka, nafasi hiyo ya kichwani ina mpangaji tayari. Nikibahatisha, kwako ni yote mawili.

Sasa mjue mwandishi. Roubaud alikuwa mwanahisabati na mshairi, mwanachama wa Oulipo, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1960 cha waandishi na wanahisabati wanaoandika kwa kujiwekea masharti magumu makusudi. Mkewe, Alix Cléo, alikuwa mpiga picha kutoka Kanada, aliyekuwa akisumbuliwa na pumu. Walioana mwaka 1980. Alifariki tarehe 28 Januari 1983, donge la damu likiwa limeziba mshipa wa mapafu, akiwa na miaka 31. Kitabu ulicho nacho kilitoka mwaka 1986. Tazama kichwa cha shairi la kwanza kabisa: kina tarehe, 12/5/85. Piga hesabu, utaona ni zaidi ya miezi 27 tangu kifo. Ukiacha kipande kile cha mwisho kiitwacho Rien, "Hakuna kitu", chenye mwaka 1983, mshairi huyu wa kazi yake alikaa zaidi ya miaka miwili karibu bila kuandika shairi. Wewe uko mwezi wa 14, unajilaumu kwa kushindwa kusoma kitu ambacho mwenyewe, akiwa mwezi wa 14, alikuwa hajaweza kukiandika.

Kuna dhana moja ambayo sisi tuliolelewa na ushairi wa Kiswahili huingia nayo mlangoni. Tumefundishwa kwamba shairi gumu ni fumbo, na fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Basi tukikwama tunachimba: hii nyeusi inasimamia nini, ule mkono ni ishara ya nini. Kwa Roubaud utachimba bure. Mkono ni mkono wa maiti, na damu imeshuka ikatua kwenye ncha za vidole. Nyeusi ni nyeusi ya picha, kwa sababu jina la kitabu limetokana na mfululizo wa picha alizojipiga Alix mwenyewe mwaka 1980, akiwa uchi katika chumba chenye giza, alizoziita Si quelque chose noir. Bila shaka umegundua kwamba Kifaransa cha darasani kingedai quelque chose de noir. Hiyo de hukuikosa wewe. Haipo makusudi, na ukurasa wa jalada umekuonya mapema kwamba humu ndani viungo vya sentensi vitakuwa vinatolewa.

Kwa nini vitolewe? Hapa ndipo penye kiini, na naomba tukae kidogo kwenye aya ya kwanza ya shairi la kwanza, kwa sababu naamini ndiyo iliyokurudisha nyuma mara zote tatu. Inaanza kama maombolezo mengine yoyote: yuko mbele ya kimya cha aliyekufa. Kisha anasema wako watu ambao, katika saa kama ile, walidhani wanaisoma roho katika kitu fulani kilichosalia, na kwao hiyo ilikuwa faraja, au ilizidisha hofu. Yote yanakwenda bila nukta, yametenganishwa kwa nafasi tupu tu. Msomaji anaanza kutulia. Anajua mambo haya yanavyokwenda, sasa tunafika kwenye kutiana moyo. Halafu yanakuja maneno mawili, pas moi, na aya imekwisha. Wao walifarijika, yeye hapana. Hakuna mkato uliokuonya kwamba kuna kona, kwa hiyo unarudi juu kusoma tena ukidhani kuna kitu umekiruka.

Hukuruka kitu. Kitabu hiki kinakataa faraja, na ugumu wake karibu wote unatokana na kukataa huko. Nukta humwambia msomaji kwamba jambo limekwisha, apumue, aende mbele. Viunganishi kama "kwa hiyo" na "hata hivyo" humwambia kwamba jambo hili limezaa lile. Roubaud hakutaka kusema uongo huo, maana kwake hakuna kilichokwisha na kifo cha Alix hakijazaa funzo lolote. Mbele kidogo katika shairi hilohilo anasema ile taswira ya asubuhi ile inamjia kwa mara ya elfu kama mpya, kwa nguvu ileile. Ukihisi kitabu kinazunguka mahali pamoja, umekisoma sawasawa.

Lakini mtu asiyekubali nukta atashikaje kurasa zaidi ya mia zisisambaratike? Shairi letu la arudhi linashikwa na vina na mizani, na wengi wetu tunajua jinsi watu walivyogombana miaka ya 1970 pale mashairi huru yalipoingia. Wafaransa walipita njia hiyo zamani kidogo. Shairi la nathari, yaani shairi lililoandikwa kwa aya kama hadithi, lilianza kuonekana na kitabu cha Aloysius Bertrand mwaka 1842, kisha mshairi Baudelaire akalipa jina kubwa kwa Le Spleen de Paris, kilichochapwa mwaka 1869 yeye akiwa amekwisha kufariki. Ukiondoa vina na mizani unabaki na aya, na nafasi kati ya aya na aya. Roubaud akaongeza kitu cha kihisabati: tisa. Kitabu kina sehemu tisa, kila sehemu mashairi tisa, na ukihesabu aya za shairi moja, kwa kawaida utakuta tisa. Ni namba ambayo Dante, mshairi wa Italia wa zama za kati, naye aliihusisha na Beatrice, mpenzi wake aliyefariki, na Roubaud, aliyeijua vizuri fasihi ya zama zile, hakuiokota njiani. Kwako faida yake ni ya vitendo: aya ndiyo kipimo. Usisome sentensi, soma aya moja, simama, soma ya pili. Jicho lako linatafuta nukta ambayo haipo. Lipe kazi ya kutafuta mwisho wa aya, ambao upo siku zote.

Na si lazima uanzie mwanzo. Wengi hudhani kitabu cha mashairi ni kama riwaya, ukiruka ukurasa umepoteza. Ningekuwa karibu nawe ningelifunga hilo shairi la kwanza kwa klipu ya karatasi na kukufungulia lile linaloitwa Dès que je me lève, "Mara tu niamkapo". Lina nukta na mikato yote, Kifaransa chake ni cha mwanafunzi wa kidato cha nne, na nadhani ndilo bora kuliko yote, ingawa wenzangu wengi hawakubaliani nami. Mtu anaamka saa kumi na nusu au saa kumi na moja alfajiri. Anachukua bakuli lake mezani jikoni. Aliliweka pale tangu jana yake, ili asifanye kelele nyingi za kuzungukazunguka. Anatia kahawa ya unga ya bei nafuu aliyonunua supamaketi, na anatufanyia hesabu kabisa: ni nafuu kwa theluthi moja hivi kuliko zile zenye majina, na ladha yake ni mbaya kwa theluthi moja vilevile. Anajaza bakuli maji ya moto ya bomba. Na katikati ya mambo haya ya jikoni anasema anaendelea kuweka bakuli usiku ili asifanye kelele alfajiri, siku hata siku, ingawa kunyamaza hakuna maana tena. Hakuna anayelala chumba cha pili. Hataki tu desturi ile nayo ife.

Hapo hapana neno moja la kuchungulia kwenye kamusi. Soma hilo kwa wiki nzima kama utapenda, kisha tafuta mengine yenye nukta, yapo kadhaa, ndipo urudi kwenye yale yasiyo nazo ukiwa umeshaizoea sauti yake.

Yale yasiyo na nukta yasome kwa sauti. Toa nakala ya ukurasa, shika penseli, na kila pale pumzi yako inapotaka kukatika chora kistari. Ukikosea, sentensi itakwama mbele na utajua, utafuta na kuchora pengine. Mara nyingine utakuta maneno yanayoweza kwenda na upande wa kushoto au wa kulia, na pande zote mbili zina maana. Hapo usichague. Programu ya kutafsiri inakuletea kichekesho kwa sababu hiyohiyo: imejengwa kuchagua, kwa hiyo inajaza nukta kwenye nafasi alizoziacha yeye tupu. Ukitaka msaada, ipo tafsiri ya Kiingereza ya Rosmarie Waldrop, iitwayo Some Thing Black. Iweke pembeni kama mwenzako wa kuulizana naye. Usiisome badala ya Kifaransa.

Kuna jambo moja la sarufi ambalo msomaji wa Kiswahili hulipita bila kuliona. Roubaud anamwita marehemu tu, wewe, kitabu kizima, na anajisumbua kujiuliza kama mtu ana haki ya kusema "wewe" kwa asiyekuwepo. Sasa vitenzi vyetu havijali kama anayeambiwa ni mke au mume. Kifaransa kinajali. Ile e ndogo ya mwishoni katika tu es morte, "umekufa", na katika kila kivumishi kinachomhusu Alix, inamweka mwanamke ndani ya sentensi hata pale asipotajwa. Zipigie mstari kwenye ukurasa mmoja tu uone zilivyo nyingi. Ukisoma kimya zinapotea. Morte ukiitamka, ile t ya mwisho inasikika, ambayo katika mort haisikiki.

Nakuja kwa mama mkwe, ambaye sitaki tumpuuze. Yuko sahihi kwa nusu. Huko kwetu anayefiwa anakaa na watu, tanga linaandaliwa, dua au sala zinasomwa, na hata watu wakichosha, wapo. Katika kitabu hiki karibu humwoni mtu mwingine anayebisha hodi. Ni mwanamume na chumba, dirisha, picha za mkewe, na mwili ule wa asubuhi ile unaorudi na kurudi. Kama wewe ndiye uliyemkuta mumeo, shairi la kwanza na yale yanayorejea kitanda yanaweza kukurudisha pale kwa nguvu usiyoitarajia. Hayo yaruke bila aibu. Na usiyasome saa nne usiku ukiwa peke yako. Mahali alipokosea mama ni kudhani kwamba kila kinachotonesha kinaharibu. Wapo wajane waliochoshwa na kuambiwa "kazi ya Mungu haina makosa", na kwao mtu anayesema waziwazi "mimi sikufarijika" ni nafuu kubwa. Kipimo si machozi. Angalia unavyokuwa kesho yake. Ukilia, ukalala, ukaamka ukafundisha, kitabu hakikudhuru. Ukibaki umeganda siku mbili, kifunge.

Tena si lazima kiwe hiki. Rafiki yako alikutumia kilicho kigumu kuliko vyote kwenye rafu hiyo, kwa nia njema. Kama unachotaka ni mtu wa kukaa naye katika Kifaransa, mwandishi Mfaransa Roland Barthes alianza kuandika siku iliyofuata kifo cha mama yake, Oktoba 1977, mistari michache michache kwenye vikaratasi, vikachapishwa mwaka 2009 kwa jina la Journal de deuil, "Shajara ya msiba". Ukurasa mmoja unakwisha kabla chai haijapoa, na havina sharti lolote la kihisabati. Kama unataka kubaki na shairi la nathari, soma Les Veuves, "Wajane", katika kitabu kile cha Baudelaire. Sentensi zake ni ndefu lakini zimekaa barabara. Anawatazama wajane kwenye bustani za Paris, na ana jicho kali: anaona kwamba katika msiba wa maskini daima kuna kitu kimepungua, maskini analazimika kubana hata majonzi yake, ilhali tajiri anayavaa kamili. Mtu aliyewahi kuhesabu michango ya mazishi ataelewa bila mwalimu. Faraja ya moja kwa moja huko nako haipo. Kama ndiyo unayoihitaji sasa, na hakuna ubaya kuihitaji, ifuate kwenye dini yako na kwa watu wako, na Roubaud umwache rafuni hata miaka mitano. Haozi.

Mimi ni mtu wa vitabu, si daktari, kwa hiyo hapa nasema tu kile ambacho kila anayesoma na wafiwa anapaswa kukijua. Majonzi hayana ratiba, lakini Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua hali ya majonzi yasiyolegea: shauku au uchungu wa marehemu unaomshika mtu karibu kila siku kwa zaidi ya miezi sita, kupita kiasi kinachojulikana katika jamii yake, mpaka maisha yanasimama. Wewe unafundisha, unaandika barua iliyonyooka, unafikiria wanafunzi, na hizo si dalili za mtu aliyesimama. Ila kama kuna usiyoyaandika, kama huli, kama hulali wiki hata wiki, kama huwezi kuingia chumba fulani cha nyumba yako, au kama umewahi kuwaza kwamba afadhali umfuate, usitafute jibu kwenye kitabu wala kwangu. Nenda hospitali ukaonane na mtu wa afya ya akili, na leo hii mwambie mtu mmoja unayemwamini. Mama mkwe, aliyepoteza mtoto katika msiba huohuo, anaweza kuwa wa kwanza.

Kwa upande wa lugha, ukipata mwenzako mmoja wa kusoma naye kwa sauti, mwalimu mwenzako au mtu wa Alliance Française kama uko karibu na mji wenye tawi, utasogea kwa saa moja kuliko kwa mwezi mzima peke yako. Kumsikia mtu mwingine akikata pumzi mahali tofauti na pako ni somo tosha.

Wanafunzi sasa. Kitabu kizima, hapana. Vijana wa kidato cha sita watakitafutia fumbo na kulipata, na wewe hutakuwa na nguvu ya kuwakatalia. Waanzishe na Demain, dès l'aube, "Kesho, alfajiri", ya Victor Hugo, aliyoandika kwa ajili ya binti yake Léopoldine, aliyezama mtoni Seine mwaka 1843 akiwa na miaka 19. Ina beti tatu za mistari minne, kila mstari silabi 12, na vina vinavyopishana. Kwa mtoto aliyezoea kuhesabu mizani ni nyumbani. Kisha wape Dès que je me lève bila kuwaambia mwandishi amefiwa. Waulize tu: mtu huyu anaogopa kumwamsha nani? Uwaache wabishane kipindi kizima. Ila usilifundishe mpaka uwe umelisoma kwa sauti nyumbani ukafika mwisho bila sauti kukatika, na kama muhula huu hilo haliwezekani, Hugo peke yake anatosha.